Maji ya kuku wakati wa mgao: shajara ya mradi, Mwiki

7 Februari

Kuku ni 60, wa mayai, na banda lao liko nyuma ya nyumba hapa Mwiki, limeegemea ukuta wa jirani. Mpaka leo wanakunywa kwenye vinyweshi vya plastiki vya kupindua, vile vya sahani nyekundu vinavyouzwa kila duka la agroveti. Ni chombo kilichobuniwa vizuri. Maji hushuka kwenye sahani mpaka yazibe kitundu, hewa inakosa njia ya kupanda ndani, na maji yanasimama yenyewe. Shida ni ile sahani iliyo wazi. Kuku akipekua maranda anayarushia humo, akipanda ukingoni ananya humo, na ikifika saa nne asubuhi maji yamekuwa chai ya rangi. Tena akinywa hudondosha matone, kwa hiyo maranda yaliyozunguka kinyweshi hayakauki hata siku moja.

Hapo ndipo ugonjwa wa kuhara damu hupata makao. Vimelea vyake hutoka na kinyesi vikiwa bado haviwezi kuambukiza. Vinahitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja au mbili ndipo vikomae, kisha kuku mwingine anavidonoa sakafuni. Dawa ya amprolium husaidia ndege akishaugua, lakini maranda makavu yanauzuia ugonjwa kabla haujaanza, na mimi napendelea njia hiyo.

Shida ya pili ni mfereji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Bwawa hilo likijaa hubeba lita bilioni 70, na bado mji umelizidi, ndiyo maana mitaa inapewa maji kwa zamu. Kwetu yanakuja siku mbili kwa wiki, mara nyingi usiku, na bomba kubwa likipasuka mahali, zamu yetu inarukwa. Hapo tunanunua kwa wenye mikokoteni, na bei ya mtungi hupanda kadiri ukame wa mfereji unavyoendelea.

Kwa hiyo mradi una kazi mbili: kuku wasikose maji hata mfereji ukikauka siku tano mfululizo, na maranda yabaki makavu. Kupumzika kubeba ndoo asubuhi na jioni kutakuja pia, lakini sikulipanga banda kwa sababu hiyo. Pale ambapo jambo moja litapingana na jingine, nitachagua maranda makavu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku na hunywa maji yenye uzito maradufu ya chakula, yaani robo lita hivi. Jua likiwaka sana anaweza kukaribia nusu lita. Kuku 60 basi ni lita 15 siku ya kawaida na lita 30 siku ya joto kali. Siku tano za joto ni lita 150. Pipa la lita 210 linatosha na linabakiza akiba. Wanaobania kuku maji wakumbuke kwamba yai karibu robo tatu yake ni maji. Kuku akikaa siku nzima bila kunywa, mayai hushuka, na kuyarudisha yalipokuwa huchukua muda mrefu kuliko kuyapoteza.

10 Februari

Pipa nimelipata Kariobangi Light Industries. La bluu, la plastiki nene, lenye vizibo viwili juu. Kabla ya kuuliza bei niliuliza lilibeba nini, kisha nikafungua kizibo nikanusa. Mapipa ya bluu hutoka viwanda vya kila aina, mengine yamebeba sabuni, mengine tindikali, mengine dawa za kuua wadudu, na plastiki hufyonza vitu hivyo kwa namna ambayo hakuna kuosha kunakoweza kuvitoa. Nimechukua lililobeba sharubati ya machungwa. Karatasi ya kiwanda bado imebandikwa ubavuni na harufu inakubaliana nayo. Limeoshwa kwa maji moto na sabuni, limesuuzwa mpaka povu likaisha, sasa limewekwa juani vizibo vikiwa wazi.

Chuchu za kunyweshea nimenunua nane pamoja na mbili za akiba. Kawaida ni chuchu moja kwa kuku 8 hadi 12, na mimi nimechagua upande wa ukarimu. Nimechukua zile zinazoning'inia chini ya bomba. Ukiishika moja karibu na jicho unaona jinsi ilivyo: kijumba cha plastiki chenye uzi wa kukaza, ndani yake pini fupi ya chuma kisichoshika kutu, na juu ya pini hiyo kiziba kidogo kinachokaa juu ya kiti chake kwa uzito wake na kwa uzito wa maji. Kuku akiigusa pini kwa mdomo, upande wowote, kiziba kinaachia kiti, tone linateremka kwenye pini na kuingia kinywani. Akiiacha, kinajifunga. Hakuna sahani wala kitu kilicho wazi, na shomoro na njiwa wanaoingia bandani kutafuta maji hawatapata pa kuchafua.

14 Februari

Leo sikushika chombo chochote. Nimekaa na karatasi, kwa sababu mfumo wote unategemea kimo, na kimo kikishajengwa kwa mawe hakibadilishwi kwa urahisi.

Wengi huunganisha bomba la chuchu moja kwa moja na tangi. Fundi wa bomba anayetuhudumia hapa mtaani alikuja jioni, nikamwonyesha mchoro wa kwanza, akaweka kidole kwenye pipa.

"Mama, hili pipa likijaa, hizo chuchu zitalia usiku kucha."

"Na likikaribia kuisha?"

"Hapo sasa kuku ndio watalia."

Ana haki. Maji hayana presha nyingine ila ya kimo chake. Kila sentimita 10 za kimo zinaongeza presha sehemu moja ya mia ya baa, kile kipimo cha presha. Chuchu hizi zinataka kidogo sana, safu ya maji ya sentimita 20 hadi 50 juu yake. Ikipungua, tone linachelewa na kuku anachoka kungoja. Ikizidi, maji yanaruka kupita mdomo wa kuku na kuangukia maranda, na ndiyo yaleyale tunayoyakimbia. Pipa langu lina urefu wa karibu sentimita 90, kwa hiyo kati ya kujaa na kuisha presha hubadilika kwa sentimita hizo zote. Hakuna kimo kimoja cha kuliweka kitakachofaa wakati wote.

Jibu ni kuweka ndoo katikati. Pipa linajaza ndoo ya lita 20 yenye boya, kama lile la tangi la choo, na ndoo ndiyo inayolisha chuchu. Boya linayashikilia maji ya ndoo katika kimo kilekile, pipa liwe limejaa au limebaki robo. Chuchu hazijui habari za pipa. Zinajua ndoo tu.

Vipimo nilivyokubaliana na fundi, vyote kutoka juu ya maranda: chuchu sentimita 40, usawa wa maji ndani ya ndoo sentimita 75, kitako cha pipa sentimita 112. Hiyo 112 haikutoka hewani. Jiwe la kujengea la inchi tisa, kozi (safu) tano, linafika karibu hapo, na linabakiza mteremko wa kutosha kati ya pipa na boya hata pipa likiwa karibu kukauka.

Jambo moja la kuangalia dukani: koki za boya ziko za presha kubwa na za presha ndogo, na tofauti yake ni tundu la ndani. Ya presha kubwa ina tundu dogo sana, na ukiiweka chini ya pipa la kimo hiki maji yatachuruzika polepole mno. Omba ya presha ndogo, kisha ifungue utazame tundu mwenyewe.

15 Februari

Kituo cha pipa kimejengwa kwa mawe ya Ndarugo, kozi tano, kwa saruji, juu ya msingi wa zege. Lita 210 ni kilo 210, na uzito wa pipa juu yake. Vyuma vyembamba au mbao za mabaki haziwezi kazi hiyo karibu na mahali watoto wanapocheza. Pembeni tumeongeza ngazi ya mawe mawili, kwa ajili ya siku ambazo maji yatakuja kwa mitungi na mtu atalazimika kuyapandisha.

Saruji inamwagiwa maji mpaka wiki ijayo.

21 Februari

Siku ya kutoboa. Bomba ni la PVC la robo tatu inchi, limekatwa mita tatu. Chuchu nilizonunua zinataka tundu la milimita 9, na matundu yote lazima yakae kwenye mstari mmoja ulionyooka, la sivyo zingine zitainama, na chuchu iliyoinama huvuja. Tumelilaza bomba kwenye pembe ya mbao mbili, tukavuta uzi wenye chokaa kutoka mwanzo hadi mwisho, tukatia alama kila sentimita 30. Kwanza keekee ndogo ya milimita 3 kuongoza, halafu ya 9, kwa mwendo wa pole. Ukiharakisha, PVC huyeyuka ukingoni badala ya kukatika, na tundu linatoka na midomo.

Kilichochukua muda ni usafi wa ndani. Kila tundu linaacha nyuzinyuzi za plastiki upande wa ndani wa bomba, na uzi mmoja ukisafiri ukaingia kwenye kiti cha chuchu, chuchu hiyo haitafunga tena. Tumezikwangua kwa kisu, tukapitisha kitambaa kilichofungwa kwenye waya mara kadhaa, halafu tukalisukuma bomba zima kwa maji ya mfereji. Kijana wangu ameyakinga maji hayo kwenye beseni jeupe ili aone kinachotoka, na hakutaka kuacha mpaka beseni likabaki na maji matupu. Namshukuru kwa hilo.

Chuchu zimekazwa kwa tepu nyeupe, mizunguko michache, kwa mkono na kumalizia kidogo kwa spana. Bomba limefungwa chini ya mbao nyembamba iliyonyooka ili lisipinde katikati, na mbao hiyo inaning'inia kwa kamba mbili zinazopita kwenye kapi darini. Nikivuta kamba, mstari mzima unapanda. Hili la kapi lilionekana kama anasa, lakini vifaranga hukua, na kimo cha chuchu hufuata kimo cha ndege.

22 Februari

Maji yameingia. Mwisho wa bomba, mbali na ndoo, tuliweka tii, kiungo cha njia tatu: upande mmoja una koki ya kusukumia maji machafu nje, upande wa pili una mrija mwembamba unaoona ndani, umesimama mpaka juu ya usawa wa ndoo, mdomo ukiwa wazi. Mrija huu ni wa bei ndogo, lakini ndio ulionisaidia kuliko kitu kingine leo. Tulipofungua, maji yaliingia kwenye bomba yakagota, chuchu tatu za mwisho zikawa kavu. Hewa ilikuwa imebanwa. Fundi akapandisha mwisho wa bomba kidogo, kwa pima maji, povu moja likasafiri kwenye bomba likapanda kwenye mrija likatoka, na maji yakasimama kwenye mrija sawasawa na usawa wa ndoo. Tangu sasa nikitaka kujua hali ya presha natazama mrija. Kuku akinywa, maji ya mrija yanatikisika kidogo na kurudi.

Nimeibonyeza chuchu moja dakika nzima nikakinga kwenye kikombe cha kupimia dawa: mililita 70 hivi. Kwa kuku mkubwa inafaa. Chuchu mbili zilikuwa zinadondosha. Moja ilihitaji kukazwa zaidi, nyingine ikabadilishwa.

1 Machi

Wiki ya kuwafundisha. Kuku aliyezoea sahani hutafuta maji chini, hatazami juu. Kimo sahihi ni kile kinachomfanya anyooshe shingo na kuinua kichwa, miguu yote miwili ikiwa imekanyaga chini, ili maji yateremke yenyewe kooni.

Sikuziondoa sahani kwa ghafla. Siku ya kwanza zilikaa palepale na mstari ukashushwa kidogo. Nilipita nikigusa pini kwa kidole, tone likining'inia linameta, na kuku ana udhaifu mkubwa kwa kitu kinachometa. Mmoja akadonoa, akameza, akadonoa tena. Wawili waliokuwa karibu naye wakaja kuangalia anakula nini. Kuanzia hapo wao ndio waliofundishana. Siku zilizofuata sahani ziliondolewa asubuhi, wakati wana kiu baada ya kula, na kurudishwa mchana kwa saa chache, halafu zikaondoka kabisa.

Kuna watetea wachache wazee waliokaa pembeni. Hao niliwashika jioni mmoja mmoja na kupapasa kifuko cha shingoni. Kikiwa kigumu na kikavu, ndege amekula bila kunywa. Niliwapeleka kwenye chuchu nikawagusisha mdomo. Ninamsihi mtu yeyote anayebadilisha vinyweshi afanye ukaguzi huu wa jioni. Kundi likionekana linakunywa, ni rahisi kutomwona yule mmoja ambaye hajapata tone tangu asubuhi.

Mayai yalishuka kidogo katikati ya wiki na sasa yamerudi.

7 Machi

Mfereji ulikauka kupita zamu yake, na maji yalipoingia usiku yalikuwa ya kahawia. Ndivyo yanavyokuja baada ya bomba kukaa tupu: mashapo na kutu vilivyotulia humo vinabebwa na maji ya kwanza. Asubuhi chuchu nne zilikuwa zinadondosha, na chini ya kila moja maranda yana duara la unyevu. Nilifungua moja. Punje ya mchanga, ndogo kuliko mbegu ya wimbi, ilikuwa imekaa kati ya kiziba na kiti chake. Inatosha.

Hatua tatu zimechukuliwa. Kwanza, maji ya mwanzo ya mfereji hayaingii pipani kamwe. Yanakingwa kwenye ndoo za kusafishia ua mpaka yawe meupe. Pili, mdomo wa kutolea maji kwenye pipa na kwenye ndoo ya boya umeinuliwa sentimita tatu kutoka kitakoni, ili mashapo yatulie chini yake. Tatu, kati ya pipa na ndoo tumeweka chujio la wavu linalotumika kwenye umwagiliaji wa matone, la matundu 120 kwa inchi. Chujio hilo hufunguliwa kwa mkono, wavu wake unasuuzwa, unarudishwa. Ukitengeneza mfumo kama huu mahali penye mgao, nunua chujio siku ileile unayonunua chuchu.

Maranda yaliyolowa yameondolewa na mengine makavu yamemwagwa.

14 Machi

Joto la Machi limefika kabla ya masika. Saa nane mchana nilitumbukiza kipimajoto cha kulelea vifaranga kwenye maji ya koki ya mwisho: nyuzi 34. Kuku hawapendi maji ya moto, na ndio wakati hasa wanapoyahitaji, maana hawatoki jasho. Wanahema kwa midomo wazi, na unyevu unaotoka kwa kuhema ndio unaowapoza. Bila maji ya kutosha hakuna kupoa.

Pipa limefunikwa gunia na kuwekewa kivuli cha bati upande wa magharibi, ambacho pia kinazuia mwanga, maana mwanga ukipenya plastiki ya bluu, kijani huota ndani. Kipande cha bomba kilichopita ukutani juani kimehamishiwa chini ya ukingo wa paa. Na saa saba kila siku ya joto koki ya mwisho inafunguliwa kidogo, maji yaliyopata joto yanatoka kumwagilia sukuma wiki, ya baridi yanaingia. Kipimajoto sasa kinasoma 25 wakati uleule wa mchana.

28 Machi

Leo ilikuwa chanjo ya kideri, kwa maji. Hii ndiyo kazi niliyokuwa naiwazia tangu mwanzo, kwa sababu wafugaji wengi wanaamini chanjo ya maji haiwezekani kwenye chuchu. Inawezekana, na kwa maoni yangu ni bora kuliko kwenye sahani, ilimradi mambo matatu yaangaliwe: klorini, kiu, na maji yaliyobaki ndani ya bomba.

Chanjo hii ni kirusi kilicho hai kilichodhoofishwa, na klorini ya maji ya mji inakiua. Jana jioni nilikinga maji kwenye ndoo nyingine safi, nikaifunika kwa kitambaa cha wavu, yakalala wazi ili klorini ipungue. Asubuhi na mapema nikaongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu mbili na nusu kwa lita, nikakoroga na kuyaacha nusu saa. Maziwa hukamata klorini iliyobaki na kukilinda kirusi. Yenye mafuta yaachwe. Hayasaidii na yanaziba.

Kiu niliipata kwa kapi. Niliuvuta mstari juu, mbali na midomo yao, kwa muda wa saa moja na nusu wakati bado kuna ubaridi, chakula kikiwa mbele yao. Wakati huo nilifunga koki ya pipa, nikamwaga maji yote ya ndoo ya boya na ya bomba. Kichupa cha chanjo kilifunguliwa kikiwa kimezamishwa ndani ya maji ya maziwa, nikakoroga, nikamimina yote kwenye ndoo.

Hapa ndipo wengi hupotea. Bomba la mita tatu la robo tatu inchi hubeba karibu lita moja. Ukimimina chanjo kwenye ndoo na kuushusha mstari papo hapo, chuchu za mwisho zitatoa maji matupu au hewa, na kuku wanaokunywa huko hawatachanjwa. Nilifungua koki ya mwisho nikakinga kwenye kikombe cheupe. Kwanza maji matupu ya kawaida, halafu ukungu, halafu maziwa kamili. Nilipoona maziwa kamili nikafunga, kikombe nikakirudisha ndoo, na mstari ukashuka.

Walikuja wote kwa pamoja. Nilitembea ndani ya banda polepole huku na huku, ili wababe wasikalie chuchu peke yao na wanyonge wapate nafasi. Baada ya saa moja na robo ndoo ilikuwa tupu, ndani ya zile saa mbili ambazo chanjo bado ina nguvu. Kisha maji safi yasiyo na klorini yalipitishwa kwenye bomba kuondoa maziwa, kwa sababu maziwa yakibaki humo yataganda na kuwa utelezi.

Hakuna klorini itakayotiwa pipani mpaka kesho kutwa.

11 Aprili

Masika yameanza na gata ya kukinga maji ya paa imewekwa. Hesabu ya mvua ni nyepesi: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la banda ni mita tatu kwa nne. Mvua ya milimita 10, ambayo ni ya kawaida mwezi huu, inatoa lita 120, zaidi ya nusu ya pipa kutoka kwenye banda lenyewe.

Maji ya mwanzo ya mvua hubeba vumbi na kinyesi cha ndege wa juu. Kwa hiyo kabla ya pipa, bomba la gata linashuka kwenye mtungi wa lita 20. Mtungi ukijaa ndipo maji yanayofuata yanapoelekea pipani, na mvua ikiisha mtungi unamwagwa. Jirani, mzee mmoja mwenye kuku wa kienyeji, aliusimamia mtungi huo kwa muda mrefu akitazama maji yanavyogeuka njia.

"Mama, huu mtungi peke yake nitauiga. Chuchu nitakuja kuziuliza nikipata bei."

Nimempa ile ya akiba aende aitazame nyumbani.

25 Aprili

Kila Jumamosi: koki ya mwisho inafunguliwa kabisa mpaka maji yatoke kwa kasi, chujio linasuuzwa, kila chuchu inaguswa kwa kidole, na mikono inapitishwa juu ya maranda chini ya mstari. Kila mwezi pipa na ndoo vinasuguliwa. Utelezi wa ndani ya bomba unatolewa kwa siki iliyochanganywa na maji, inalala humo usiku mmoja mstari ukiwa umevutwa juu, halafu inasukumwa nje kabla kuku hawajaamka. Siki na dawa ya klorini zisikutanishwe kamwe. Zikichanganyika zinatoa hewa ya sumu.

Hali ya maranda: nikichota kiganja chini ya chuchu yoyote na kukifumbata, nikiachia yanasambaa. Yakishikana, kuna unyevu. Leo yamesambaa chini ya saba. Chini ya ya tano, karibu na mlango, yameshikana kidogo, na kiziba chake kinabadilishwa kesho asubuhi.

Vifaranga 40 wanaingia mwezi ujao. Nitawatengenezea mstari wao wa chuchu tano, kwenye ndoo ndogo isiyo na boya kwa kuanzia, maana wanakunywa kidogo na nataka kuona kwa macho wanachomaliza kwa siku. Chuchu zitaanza usawa wa jicho la kifaranga, na kamba itavutwa kila baada ya siku chache kadiri shingo zinavyorefuka. Fundi ameahidi kuleta kapi nyingine mbili, na bomba lililobaki linatosha.